Dobi na Shati la Mwizi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mche, kwa ajili ya mche wa sabuni ambao haukumtoka mkononi, na jina hilo alilipokea bila kinyongo. Alikuwa dobi. Si dobi wa mashine, wa kubonyeza kitufe kisha akakaa kusoma gazeti. Dobi wa beseni, brashi, kamba na pasi, mwenye viganja vilivyokunjamana kama vya mtu aliyesahauliwa majini. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mbele na mlango nyuma. Mbele palikuwa na meza ya kupigia pasi na chuma cha kutundikia nguo zilizokwisha. Nyuma palikuwa na ua mdogo wa saruji, bomba lililovuja hata ulifunge vipi, na kamba zilizopita juu ya vichwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, aliyelifungua duka, na somo la kwanza halikuhusu sabuni wala maji. Lilihusu uzi. Nguo ikiingia, kabla hujaigusisha maji, unageuza ukosi na kutia kwa ndani mshono mmoja mdogo wenye rangi ya mteja wake. Mwalimu mkuu alikuwa zambarau. Mwenye duka la dawa alikuwa chungwa. Kinyozi, ambaye hakuna aliyempenda, alikuwa kahawia. Wateja walizisahau nguo zao, wakazigombania, wakaapa kwamba hii si yangu na ile ndiyo. Uzi haukuapa, ulikuwa pale tu, na ugomvi ukaisha. Bwana Mche aliuamini uzi kuliko alivyowaamini watu, na kwa kazi ile hakuwa na makosa.

Kaka mwenyewe sasa alikuwa anaketi kwenye kiti cha plastiki uani, akikunja taulo, akilikunjua, akilikunja tena. Wakati mwingine alimwita mdogo wake kwa jina la baba yao. Maradhi yalimwanza kimyakimya: siku moja alilifua shuka, akalianika, likakauka, akalianua, akalirudisha kwenye beseni na kulifua upya, na jioni akalifua mara ya tatu huku akilalamika kwamba watu wa siku hizi wanalala wachafu. Walicheka sana siku hiyo. Baadaye hawakucheka. Bwana Mche na mkewe walimchukua wakaishi naye, na mke, aliyekuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na hatua nyepesi, ndiye aliyemlisha asubuhi kabla ya kwenda kazini na kumwogesha jioni akirudi. Hakuwahi kununa. Lakini Bwana Mche alijua mzigo ule ulivyo, na kila alipomwona mkewe anauinua, moyo ulimwambia neno moja: Mungu asimpe wa pili.

Sasa nimweke msomaji sawa mapema, asije akachanganyikiwa pamoja na dobi. Mmoja aliyechanganyikiwa anatosha.

Katika hoteli kubwa iliyo mbele kidogo ya mtaa, watu wa filamu walikuwa wamekuja kupiga picha. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ya wezi watatu wanaoingia hotelini kuiba taji kwenye sefu, na mhusika mkuu, mmoja wao, hana bahati hata chembe: dakika anayoingia ukumbini, anamwagiwa kahawa kifuani, na shida zake zote zinaanzia hapo. Mwenye hoteli aliwapa sharti moja. Zulia la ukumbi ni la gharama, kwa hiyo kahawa imwagwe mara moja tu kwa siku, asubuhi, kisha zulia lisafishwe na kukauka kabla wageni hawajashuka. Kumwaga huko kulikataa kutoka vizuri. Mwongozaji hakuridhika leo, wala kesho, wala keshokutwa. Kila siku shati moja liliharibika. Mwizi anayesimuliwa ana shati moja tu maishani, lakini kabati la filamu lilikuwa na mashati manane, yamefanana mpaka sindano iliyoyashona isingeyatofautisha. Mashine ya hoteli iliwatafunia la kwanza, hivyo mama wa mavazi akamtuma dereva kutafuta dobi. Na kwa sababu nyota wa filamu ile hakutaka umati umjazie hoteli, dereva aliambiwa: peleka, lete, usiseme kitu.

Hayo yote Bwana Mche hakuyajua.

"Shikamoo, mzee," dereva alisema siku ya kwanza. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya chumba.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Shati moja tu. Kahawa."

"La nani?"

Dereva akakohoa. "La bwana mmoja hivi. Usinichimbe zaidi, mzee wangu, nitafukuzwa."

"Sikuchimbi. Nataka rangi ya uzi tu." Rangi zilizobaki zilikuwa chache. Akampa yule bwana asiyejulikana kijani.

Lilikuwa shati la rangi ya maziwa, na kahawa imeshuka kutoka mfuko wa kushoto hadi tumboni. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka cha buluu kilichoshonwa kwa mkono kwa uzi wa njano, na mshono mmoja ulikuwa umetoka nje ya mstari na kwenda zake pembeni. Bwana Mche alikitazama akatabasamu. "Huyu bwana ana mama anayempenda," alimwambia kaka yake, "ila kushona hajui." Akatia uzi wa kijani, akaliloweka maji baridi, akalishughulikia doa polepole kwa sabuni na kidole gumba, akalisuuza, akalianika limegeuzwa ndani nje. Alasiri dereva akalichukua limenyooka.

Kesho yake dereva akalirudisha. Kahawa kutoka mfuko wa kushoto hadi tumboni.

Bwana Mche alilitandaza mezani, akatazama kiraka. Mshono wa njano ulikuwa palepale nje ya mstari. Akageuza ukosi. Uzi wa kijani haukuwapo.

"Hili si ndilo la jana?"

Dereva alitazama dari. "Ni la bwana yuleyule, mzee," akasema, na hapo hakudanganya.

Dobi aligeuza ukosi tena. Aliukumbuka uzi ule vizuri. Alikumbuka hata jinsi tundu la sindano lilivyomsumbua. Lakini shati lilikuwa lile, kiraka kile, doa lile, na uzi hakuna. Basi yawezekana hakuutia. Na kama uzi hakuutia, shati je, alilifua? Au alilinyoosha tu na doa lake, akalikabidhi kwa fahari, na yule bwana wa watu akaona haya kusema, akalirudisha kimya? Akatia uzi mwingine, akaufunga fundo mbili, akafua.

Siku ya tatu lilirudi bila uzi. Siku iliyofuata, kabla ya kulitia majini, alimwendea kaka yake uani akamwekea ukosi mbele ya macho.

"Kaka, tazama hapa. Nimetia uzi. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Rangi gani?"

"Kijani," kaka akasema, akikunja taulo.

"Basi wewe ndiye shahidi wangu."

Shati likaondoka, shati likarudi, na Bwana Mche akaja mbiombio uani na ukosi mtupu mkononi. "Kaka. Jana tulitia uzi, au hatukutia?"

Kaka alimtazama kwa huruma. "Uzi gani, baba?"

Mnaweza kumcheka dobi kwa kuchagua shahidi wa namna hiyo. Mimi simcheki. Alimchagua kwa sababu ndiye pekee ambaye asingemwambia mkewe.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alianza kujipima. Akipiga pasi alikariri rangi za wateja wote, mwalimu mkuu zambarau, duka la dawa chungwa, kinyozi kahawia, na akifika mwisho anaanza upya ili aone kama zitakaa. Alifunga duka, akafika nyumbani, akarudi kuhakikisha kwamba amefunga. Alikuta amefunga, akaondoka, na katikati ya njia akajiuliza kama kweli alirudi. Lile shuka la kaka halikumtoka kichwani. Hivi ndivyo kunavyoanza, alijiambia. Nguo moja, mara ya pili, mara ya tatu. Na usiku, mkewe akiwa amelala hoi kwa kumbeba kaka kutoka bafuni, alikuwa akiwahesabu wagonjwa wake: mmoja, na sasa wawili.

"Baba watoto, unanung'unika nini?" mkewe alimwuliza asubuhi.

"Naimba."

"Wimbo gani una kinyozi ndani yake?"

Akajitia hamnazo, akatoka.

Ilipofika siku ambayo doa lilikuja likiwa na umbo ambalo angeweza kulichora akiwa amefumba macho, akapiga moyo konde. Hakuna mteja mwenye subira kiasi hicho duniani. Yule bwana alistahili kuambiwa. Akalifua, akalinyoosha kuliko alivyowahi kunyoosha shati, na dereva alipokuja akamwambia, "Leo sikupi. Nitalipeleka mwenyewe. Nina neno na mwenye shati."

"Mzee, hiyo haiwezekani."

"Mwanangu," dobi akasema, "nadhani naumwa. Nataka kumwomba radhi nikiwa bado najua namwomba kwa kosa gani."

Dereva akavua miwani yake ya jua. Kwa mara ya kwanza yalionekana macho yake, na yalikuwa ya mtu asiyeweza kumkatalia mzee kitu. "Kesho asubuhi nitakupitia," akasema.

Njiani Bwana Mche alipanga maneno. Angesema: bwana, shati lako nimelionea. Nadhani nimekuwa nikikurudishia bila kulifua. Tafuta dobi mwingine, na tafadhali, ukikutana na mke wangu, usimwambie.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa taa juu ya miguu ya chuma, nyaya sakafuni, na watu waliokuwa wakinong'onezana kama wako msibani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mtu mwenye shati kwenye kiango cha nguo hotelini ni mtu anayejua anakokwenda. Akasimama kando ya chombo kikubwa cha maua. Na hapo, katikati ya zulia, akamwona mwanamume mfupi amevaa shati la rangi ya maziwa lenye kiraka cha buluu kwenye kiwiko.

Bwana Mche alilitazama shati alilolishika. Akalitazama lililovaliwa. Akalitazama tena alilolishika.

Kisha akaona, kwenye ngazi, mwanamume mwingine amekaa anakula yai la kuchemsha. Amevaa shati lilelile. Kiraka kilekile.

Macho yalimtoka pima. Kwa hiyo imefika huku, aliwaza. Kaka anasahau, mimi naona vitu. Akashika ukingo wa chombo cha maua. Mbele yake bibi mmoja mnene mwenye aproni nyeupe alitokea na sinia la vikombe, akitembea kwa mikogo kama malkia anayekwenda kumsuta mtu, akageuka ghafla, na kahawa yote ikaruka ikamwangukia yule mfupi kifuani. Kutoka mfuko wa kushoto hadi tumboni. Yule mfupi alipepesuka nyuma kuelekea ngazi, mikono hewani, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kuvunja mbavu.

"Kata," sauti ya uchovu ikasema kutoka gizani. "Mkono umejua. Kesho tena."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Lakini kahawa ilikuwa inakauka, na hilo Bwana Mche hakuweza kulivumilia, awe mgonjwa au asiwe mgonjwa. Alichovya leso yake kwenye chombo cha maua, akakimbia, akamvamia yule bwana kifuani. "Usisugue," alikuwa akimwambia. "Kahawa haisuguliwi. Inagongwagongwa tu. Tulia."

Yule bwana alitulia. Alikuwa nyota ambaye watu walilala nje ya milango ili wamwone, na alisimama mikono juu kama mtoto anayevishwa.

Mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni akamshika dobi mkono. "Wewe ni nani? Ngoja. Wewe ndiye baba wa uzi wa kijani?"

Bwana Mche akaganda. "Uzi wa kijani unaujua?"

"Nitaachaje kuujua? Kila jioni nakaa na mkasi naung'oa. Akiinama unaonekana kwenye picha. Nilimwambia dereva akuambie uache."

"Niliambiwa nisiseme kitu," dereva akasema kutoka nyuma, kwa unyonge.

"Unaung'oa wewe," dobi akarudia polepole. "Wewe, kwa mkasi."

"Nani mwingine?"

Mama wa mavazi alimvuta hadi chumba cha pembeni, akafungua pazia. Mashati yalikuwa yametundikwa kwenye chuma, yanafuatana, yote yana rangi ya maziwa, na kila moja lina kiraka cha buluu na mshono mmoja wa njano uliotoka nje ya mstari. Bwana Mche alipitisha kidole kwenye kila kiwiko, la kwanza mpaka la mwisho, kisha akarudi nyuma kuanzia la mwisho.

"Baba," mama wa mavazi akasema, na kicheko kikaanza kumponyoka, "ulidhani ni shati moja?"

"Mwanangu," dobi akamjibu, "nilidhani ni mimi."

Mama wa mavazi alicheka, kisha akauona uso wake akaacha, akamletea kiti. Na alipokwisha kukaa ndipo dobi akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, mpaka yule wa yai la kuchemsha akaja kuuliza kuna nini. Huyo kumbe alikuwa mtu wa kuanguka: nyota anapokea kahawa, yeye anaporomoka ngazi kwa niaba yake, na mtazamaji anaona mtu mmoja. Bwana Mche alimpa mkono kwa furaha ambayo jamaa hakuielewa.

Walimpa chai. Nyota akaja kukaa naye, amebadilisha nguo, amevaa miwani ya kusomea, mtu mtulivu kama karani. Bibi wa sinia, aliyekuwa maarufu kuliko yeye na mzee kuliko wote, na ambaye katika filamu ndiye kiongozi wa wezi aliyejifanya mhudumu, alikaa pia na kuvua viatu.

"Samahani nikuulize," dobi akasema. "Ulicheza vizuri sana. Kwa nini wamekataa?"

"Mkono," nyota akasema. "Hukuona? Kabla kahawa haijaondoka kwenye sinia, mkono wangu huu ulikuwa umeanza kupanda. Kidogo tu. Mtu ambaye hajui kwamba atamwagiwa, mkono wake unakaa chini. Kuanguka hata gunia linaweza, baba. Kazi yangu ni kuisahau kahawa. Ya jana, ya juzi, zote. Niingie hapo kama siku ya kwanza."

"Na hawezi," bibi akasema. "Ananiogopa."

"Nakuogopa sana, mama."

Bwana Mche alikunywa chai yake. "Kwa hiyo wewe unalipwa kwa kusahau," akasema. "Kwetu kuna mtu anasahau bure."

Hawakujua kama wacheke. Bibi ndiye aliyeelewa, akamwekea mkono begani.

Jioni ile, mkewe aliporudi na kaka alipokwisha kula, Bwana Mche aliketi mezani akamweleza yote: shati, uzi, shahidi, rangi alizokariri, hofu aliyolala nayo. Habari ya chombo cha maua aliiruka. Ile ilikuwa aibu nyingine. Mkewe alisikiliza amekishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na mumewe alipofika pale pa "nilidhani ni mimi," mke alikitua kikombe kwenye kisahani kwa kishindo, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Kisha akafuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Siku zote hizo ulikuwa unaogopa peke yako."

"Sikuogopa."

"Ulijikaza kisabuni."

"Mimi ni dobi. Ulitaka nijikaze vipi?"

Hakucheka tena. "Nisikilize, baba watoto. Ikija siku ukaona kitu, kweli au si kweli, niambie mimi kwanza. Si dereva. Si kaka. Mimi."

"Nitakuambia," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Watu wa filamu wakamaliza, wakafungasha taa zao wakaenda. Mvua zikaja na nguo zikakataa kukauka. Shule ikafunga, ikafungua. Kinyozi akabadilisha dobi, hakuna aliyemlilia. Na siku moja mabango yakabandikwa nje ya ukumbi wa sinema: nyota, bibi wa sinia, na katikati yao shati la rangi ya maziwa lenye kiraka.

Walikwenda wote watatu, maonyesho ya mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilikuwa filamu ya mbio na vichekesho, ya wezi ambao kila wanachokigusa kinawageukia, na watu walicheka tangu mwanzo. Bibi wa sinia alikuwa hatari, kila akiinua unyusi mmoja viti vinatikisika. Bwana Mche alimsubiri yule mfupi. Akaingia, akakanyaga zulia, bibi akageuka, na kahawa ikaruka. Mikono ya nyota ilikuwa imening'inia chini, mizembe, haina habari. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kumwagiwa kitu tangu azaliwe. Ukumbi ulilipuka. Hatimaye alikuwa ameisahau. Dobi alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Mwishoni wezi walitoroka na taji ndani ya mkokoteni wa nguo chafu za hoteli, nyeupe na za rangi zimechanganywa pamoja, na kaka yake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu, "Wajinga hawa, zitachuja." Watu wakacheka upya.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Kaka alipewa taulo lake. Mke akatenga chai, akaketi, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Bwana Mche alikuwa na furaha, na furaha ilimfungua moyo.

"Mama watoto," akasema, "kuna jambo la lile shati nimekuficha muda wote huu. Leo nitakuambia."

Mkewe alimtazama kidogo. "Niambie," akasema.

Akaanza. Aliisimulia ilivyo, bila kukosea hata hatua moja: dereva na miwani yake, doa, kiraka, uzi uliotoweka. Alimwiga kaka, "uzi gani, baba," na mkewe akatabasamu. Alisimulia hoteli, watu wawili katika shati moja, hata chombo cha maua alikisimulia, na leso, na nyota aliyeinua mikono. Alisimulia chumba cha pembeni na pazia. "Basi yule mama wa mavazi akanigeukia," akasema, "akaniuliza..."

Na kabla hajalisema neno, akakiona kikombe cha mkewe kinaanza kushuka kuelekea kwenye kisahani. Kidogo tu.

Mkono umejua.

Nje kaka alikuwa akikunja taulo lake. Alitafuta kichwani chai nyingine, jioni nyingine, meza hii hii na maneno haya. Aligeuza na kugeuza kama anavyogeuza ukosi, hakukuta uzi.

"Ehe?" mkewe akasema. "Akakuuliza nini?" Na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kuisikia habari ile tangu azaliwe, anaisubiri kwa hamu, macho yameng'aa. Kuliko nyota. Kuliko bibi wa sinia.

"Akaniuliza, baba, ulidhani ni shati moja?"

"Nawe?"

"Nikamwambia, mwanangu, nilidhani ni mimi."

Mke akacheka, akakitua kikombe kwa kishindo, akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Bwana Mche alimngoja amalize. Aliogopa sana, na aliona kwamba angeweza kuliacha jambo lipite, wakanywa chai yao. Lakini alikuwa ameahidi, na hilo, ajabu, alilikumbuka. Hakujua aliahidi lini.

"Mama watoto," akasema. "Nilishakuambia hii."

Kicheko kiliisha usoni mwake polepole. Akanyoosha mkono juu ya meza akakishika kiganja chake kilichokunjamana.

"Ulishaniambia."

"Lini?"

"Siku ileile uliyotoka hotelini. Hapahapa."

Akatikisa kichwa, akijaribu tena, akashindwa tena. Nje kaka alikuwa akimwita mtu kwa jina la baba yao.

"Nilisimulia vizuri?" akauliza.

"Leo vizuri zaidi," mkewe akasema. "Siku ile hukuniambia habari ya chombo cha maua." Akamwongezea chai, na mkono wake mwingine haukumwachia.